Kabla ya kuuza sahani za bibi

Nyumba nyingi za Ulaya zina meko sebuleni. Si meko ya kupikia, ni ya kuotea moto wakati wa baridi, yamejengwa ndani ya ukuta na dohani yake imepanda hadi paani. Juu ya meko hayo kuna rafu ya mbao au ya marmar, na rafu hiyo ndiyo uso wa nyumba. Saa ya babu, vinara vya shaba, mitungi ya kauri ya China, picha ya harusi, vyote hupangwa pale ili mgeni avione. Siku hizi kupamba rafu hiyo kwa vitu vya kale kumekuwa mtindo mkubwa, na mtindo wenyewe umeshatufikia hata sisi. Mwaka huu dada watatu wameniuliza wapi watapata "vitu vya kizamani" vya kupambia sebule. Mmoja wao amejengesha meko ya jipsamu katika fleti yake hapa Mombasa, hayana moto wala dohani. Mombasa! Mtu anatafuta feni, yeye anajenga meko.

Wala simcheki. Anachokitaka nakielewa: mahali pamoja nyumbani ambapo jicho la mgeni litatua, na vitu vyenye umri ambavyo havikutoka dukani jana. Watu wa Limuru na Nakuru wana baridi yao na meko yao. Sisi watu wa pwani tulikuwa na mahali petu pa kazi hiyo hiyo, tena kwa mamia ya miaka, na vitu vya kuweka hapo tulikuwa navyo. Bado vipo, kwenye makasha, juu ya kabati, chini ya vitanda vya bibi zetu, na vinatoka mlangoni kimoja kimoja kwa bei ya kutupa. Anayetaka kununua vya kale na anayeuza vya kale huenda wakawa watu wa ukoo mmoja, na katikati yao yuko dalali anayewacheka wote wawili.

Kidaka ni nini

Kidaka ni shimo lililojengwa katika unene wa ukuta, halitokezi upande wa pili. Watu wa Lamu zikiwa nyingi huziita zidaka. Sisi huku Mvita husema vidaka. Kila nyumba ya mawe ilikuwa navyo viwili vitatu vya kuwekea taa, msahafu au kopo la maji. Lakini vidaka ninavyovizungumzia hapa ni vile vilivyojaa ukuta mzima, safu juu ya safu, vimezungushiwa nakshi za chokaa.

Ili uelewe kazi yake, ingia kwa mawazo katika nyumba ya Lamu ya karne ya 18, zile zilizobaki mtaa wa Mkomani. Unaanzia daka, yaani baraza ya mlangoni. Unapita tekani, na njia inakata kona ili mpita njia asione ndani. Unatokea kiwanda, ua ulio wazi juu. Halafu vyumba vinafuatana, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Vyote ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi inayozidi kama mita tatu bila kulegea. Mwanga wote unatoka kiwanda. Kila ukisonga mbele giza linazidi, na ukifika ndani ukuta wa mwisho ungekuwa mweusi tititi. Ukuta huo ndio waliouweka vidaka. Chokaa nyeupe iliyochongwa na sahani zinazong'aa zinakamata ule mwanga mdogo unaofika na kuurudisha. Basi hayakuwa mapambo matupu. Wale mafundi walijua hesabu ya mwanga kuliko wengi wanaotujengea leo vyumba vya kuwashia balbu saa sita mchana.

Chumba cha ndani kilikuwa cha bibi mwenye nyumba. Hapo mtoto alizaliwa, hapo bibi harusi alionyeshwa, na sehemu hiyo hiyo ya nyumba ndipo maiti alipooshwa. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyeishi na kufanya kazi Lamu, ameandika kwamba vidaka na sahani zake vilihesabiwa kuwa ni kinga: jicho la hasidi likiingia linakutana na sahani kwanza kabla ya kumfikia mzazi au mwanawe. Wazee wetu wengi wamelisikia hilo. Mimi nililisikia kwa nyanya yangu, aliyekuwa akisema sahani ikipasuka yenyewe imepokea iliyokuwa si yake. Unaweza kuliamini au usiliamini, lakini linakuonyesha kuwa sahani ya kidaka haikuwa sahani ya pilau.

Na kuna ushahidi mwingine wa uzito wa jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, akiomboleza mji wa Pate ulioanguka, moja ya alama alizozichagua kuonyesha msiba ni vidaka vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya kauri na sasa vimegeuka makao ya ndege. Alikuwa na mengi ya kuchagua, akachagua na hilo, kwa sababu aliyemsikiliza alijua nyumba yenye vidaka vitupu ni nyumba iliyokwisha.

Kauri hizo zilikuwa zimefika pwani hii zamani mno. Kule Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya China ya enzi za Ming. Gede, mji ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ulichimbwa na James Kirkman kuanzia 1948, na kauri za China zilitoka humo pamoja na vyombo vya kutoka nchi za Kiislamu. Huko Uingereza desturi ya kujaza kauri za China juu ya meko na kutani ilishamiri kwa mfano wa Malkia Mary wa Pili, aliyefariki mwaka 1694. Wakati huo huo hapa Mombasa Wareno walikuwa wakipambana na Waomani, na mwaka 1697 meli yao Santo António de Tanná ilizama chini ya Ngome ya Yesu. Wapiga mbizi walipoichimba kati ya 1977 na 1980 walitoa, pamoja na mambo mengine, kauri za China. Sisi tulishazoea vyombo hivyo hadi tunavipachika makaburini wakati malkia bado hajazaliwa. Kwa hiyo ukiona picha ya rafu ya meko yenye mitungi ya rangi ya buluu na nyeupe, usidhani unaiga Ulaya. Ni Ulaya iliyokuja nyuma.

Hata neno lenyewe lina mzaha wake. Kauri kwetu ni yule konokono wa baharini mweupe anayeng'aa, na ni chombo cha China pia. Waitaliano nao walifanya hivyo hivyo: porcellana lilikuwa jina la kauri wa baharini kabla halijawa jina la sahani. Watu wawili mbalimbali, hawakushauriana, wakaangalia chombo kile kile wakaona kitu kile kile.

Ulicho nacho ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wanapopunjwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sahani nyingi zilizo katika nyumba zetu leo si za Ming. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila anayefungua kasha la bibi huanza kuota milioni. Nyingi ni za Ulaya, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Geuza sahani uangalie mgongo wake. Ukiona jina Maastricht na umbo la mnyama mwenye kichwa cha mtu, yule wa Misri, hiyo imetoka Uholanzi, katika kiwanda kilichoanzishwa na Petrus Regout. Sahani zao za maua makubwa ya rangi, yaliyogongwa kwa sponji iliyokatwa umbo la ua, zilisafiri hadi Indonesia na hadi kwetu. Ukitazama kwa makini utaona ua moja limegongwa zito na la pembeni yake limegongwa jepesi, kwa sababu ni mkono wa mtu, si mashine.

Jina la nchi nalo linasema umri. Mwaka 1891 sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vya Ulaya vilivyouza huko vikaanza kuandika "England" au "Holland" mgongoni. Sahani yenye jina la nchi kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Ikiwa imeandikwa "Made in" mbele yake, kwa kawaida ni ya karne ya 20. Isiyo na chapa yoyote inaweza kuwa kongwe zaidi, na inaweza pia kuwa ya juzi, kwa hiyo usiishie kwenye chapa.

Papasa ukingo wa chini, ile pete sahani inayokalia. Katika kauri nyingi za China ukingo huo haukupakwa utando wa kung'aa, ni mkavu kama kigae, na mara nyingine una punje za mchanga wa tanuri zimenasa. Kisha tazama mchoro. Uliochorwa kwa brashi una mistari inayonenepa na kukonda, na rangi ya buluu imejikusanya mahali brashi iliposimama. Uliochapwa kwa karatasi una mistari myembamba iliyo sawasawa, na ukiuzunguka utafika mahali karatasi ilipokutana, ua limekatika nusu. Ukiona matundu mawili yametobolewa kwenye ukingo wa chini, usihuzunike kuwa imeharibiwa. Yalitobolewa makusudi ili ipitishwe uzi itundikwe ukutani, na ndiyo alama kwamba sahani ilikuwa na cheo. Vilevile pini za chuma zilizoshona ufa: mtu alimlipa fundi kuishona badala ya kuitupa. Dalali atakwambia pini zimeua bei. Kwa bei labda anasema kweli. Kwa habari za nyumba yako, hizo pini ni sehemu ya habari.

Vyombo vya shaba ni rahisi zaidi. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji. Shaba haishikwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinashikwa. Mrashi, chetezo, mdila wa kahawa, sinia, tasa, upatu, vyote vipime hivyo. Kisha angalia mahali mkono ulipokuwa ukishika. Mdila uliomimina kahawa miaka hamsini umelika kwenye mkono na kwenye mdomo, nakshi za hapo zimefifia, na za tumboni bado zina makali. Kilichozeeshwa kwa dawa kimefifia kila mahali sawasawa.

Vitu vya juzijuzi navyo visidharauliwe. Pasi ya makaa, kandili, redio ya mbao, saa ya ukutani ya kutia ufunguo, sahani za santuri. Santuri za Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand hapa Mombasa bado ziko mitaani, na nimeona watu wakizifanya visahani vya kuwekea vikombe. Jamani! Ile ni sauti ya watu.

Mlango, kiti na kigae

Biashara ya vitu vya kale pwani haikuanza leo. Maduka ya Ndia Kuu na ya karibu na Ngome yamekuwepo tangu sisi watoto, na mengi yanauza vitu vilivyotengenezwa karibuni kwa kuigiza, jambo ambalo halina ubaya mnunuzi akiambiwa ukweli. Ubaya uko kwa anayezunguka majumbani. Huja baada ya msiba. Anajua kwamba mwenye nyumba amefariki, watoto wako Nairobi au Jeddah, na aliyebaki ni mjane mwenye deni la dawa. Hanunui kitu kile anachokitaka. Kwanza ananunua cherehani mbovu kwa bei nzuri ili aonekane mkarimu, halafu anasema "na hizi sahani kuukuu nitakuondolea tu". Katika mtaa wetu alipita wa namna hiyo, na mjane mmoja alitoa sahani sita na kiti cha mpingo, akapata pesa za matumizi ya wiki mbili. Wanawe walipokuja kwa arubaini waliona kuta tupu.

Sheria ipo, na inafaa uijue kabla hujafungua mlango. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 zimetajwa humo kuwa ni vitu vinavyolindwa. Kuvitoa vitu hivi nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mteja wangu yuko ng'ambo, atasafirisha mwenyewe", muulize kibali. Mara nyingi hapo ndipo anapokumbuka ana miadi mahali.

Kiti cha enzi kina jambo lake la ziada. Vile viti vya mpingo vya kukaliwa na wageni wa heshima, vyenye kamba zilizosukwa mgongoni, vingine vimepambwa kwa mfupa na vingine kwa pembe za ndovu. Ikiwa ni pembe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaingia, na biashara yake inaweza kukufikisha mahakamani hata kama kiti kilikuwa cha baba wa babu yako. Ulizia makumbusho kabla hujakihamisha.

Halafu kuna vigae. Ukitembea Takwa, Pate au Shanga utaona vipande vya kauri vinang'aa mchangani, na mkono utawasha kuokota. Mafundi wa fedha wa Lamu huvitia kwenye pete na vidani, navyo hupendeza kweli. Lakini kigae kilichoko ndani ya ardhi ya magofu kina kazi ambayo kidani hakiwezi kuifanya. Mark Horton alipochimba Shanga katika miaka ya 1980, vigae vilivyotoka katika kila tabaka la udongo ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti mingine mikongwe zaidi, hadi ule mdogo wa miti wa karne ya 8. Wale waliokuwa wakidai Uislamu na miji ya pwani ni mambo ya kuletwa juzi walijibiwa na vigae. Aliyekiokota akakipeleka kwa sonara amelitoa shahidi mahakamani. Vya ufukweni vilivyosukumwa na maji sina ugomvi navyo sana. Vya magofu viache.

Kwa upande wa anayenunua, swali ni moja tu: kilitoka wapi? Muuzaji wa haki atakwambia nyumba, au mnada, au kwamba ni kipya. Asiyejua kabisa, au anayejua mno na kubadilisha hadithi kila ukiuliza, mwache na chombo chake. Na usinunue kidaka chenyewe, yaani kipande cha chokaa yenye nakshi kilichobanduliwa ukutani. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya nyumba zilizosimama nzima. Ukuta uliobanduliwa haurudi.

Kupanga katika nyumba za leo

Wengi wetu hatuna nyumba za Mkomani. Tuna fleti za vyumba viwili Kizingo, Bondeni, Majengo, kuta za matofali ya simenti zisizotobolewa kwa sababu mwenye nyumba atazuia amana. Haidhuru. Fundi seremala anaweza kukutengenezea fremu ya mbao yenye vyumba vidogo, kina cha shubiri moja hivi, ukaifunga ukutani kwa skrubu nne. Ipakwe nyeupe isiyong'aa, kwa sababu chombo ndicho kinachotakiwa king'ae. Iweke ukuta unaotazamana na dirisha, si ukuta wa dirisha lenyewe. Kumbuka hesabu ya mwanga wa kiwanda.

Kanuni za bibi zetu ni chache. Kidaka kimoja, chombo kimoja. Kikubwa katikati, vidogo vikishuka pembeni kwa jozi, kushoto na kulia vikitazamana. Sahani isimame, uso wake uonekane, na nyuma yake weka kitu cha kuizuia isiteleze. Usichanganye shaba na kauri katika safu moja ikiwa nafasi ni ndogo, maana shaba hunyonya jicho. Na acha kidaka kimoja au viwili vitupu. Mimi mwenyewe huweka rihani au asumini katika kimojawapo siku za Ijumaa, kingine hakina kitu. Watu wanaopiga picha za mtandaoni hujaza rafu yote hadi hapana pa kuweka hata ufunguo. Hilo ni duka, si sebule.

Shaba isisuguliwe kila wiki. Ndimu na majivu au ukwaju vinang'arisha vizuri, lakini kila unaposugua unaondoa chembe ya nakshi. Mara mbili kwa mwaka inatosha, kabla ya Idi. Sahani osha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, usitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na usilie chakula humo, hasa cha ndimu au achari, kwa sababu rangi za kale nyingine zina madini ya risasi.

Wale wachache waliobahatika kuwa na vidaka vya asili ukutani nawaomba jambo moja: msivikarabati kwa simenti wala kuvipaka rangi ya mafuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa simenti, unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache nakshi inadondoka vipande pamoja na hiyo simenti yako. Tafuta fundi wa chokaa. Lamu na Shela bado wapo, na kazi zao nyingi siku hizi ni katika nyumba zilizonunuliwa na wageni kutoka Ulaya, ambao wanalipa vizuri vidaka vichongwe upya vile vya kale. Nimeingia katika nyumba kama hizo nikakuta ukuta wa ndani umejaa kauri, safu juu ya safu, na nyumba ya jirani, ya wenyeji, ina vigae vya bafuni sebuleni.

Mwisho, suala la mirathi, kwa sababu hapo ndipo seti nyingi huvunjika. Kabla mzee hajaondoka, kaa naye na simu yako. Piga picha ya kila chombo, mbele na mgongoni, na umwache aseme mwenyewe: hii ililetwa na nani, ilikuwa ya harusi ya nani, nani aliishona. Rekodi sauti yake. Kisha andika kikaratasi, kikunje, kiweke nyuma ya sahani ndani ya kidaka. Wakati wa kugawana, kama warithi wote wameridhia, sahani zinaweza kubaki pamoja katika nyumba ya mmoja na wengine wakafidiwa kwa thamani iliyokadiriwa na mtu asiyekuwa dalali. Familia moja ya Langoni ninayoijua ina sahani tisa na ndugu watatu, na sahani zote huhamia kwa ndugu mmoja kwa mwaka, kila baada ya Maulidi zinafungwa kwenye kanga na kupelekwa nyumba nyingine. Mpaka sasa imevunjika moja tu, na vipande vyake viko kwenye kidaka cha chini kabisa, na kikaratasi chake.